Gemu ya Kupandisha Maji

Gemu ya kwanza ya kompyuta kuandikwa juu ya uwanda wa Makonde niliiandika mimi. Nasema hivi bila haya, na kama yupo aliyenitangulia ajitokeze tushindane mistari ya programu. Mpaka leo hajajitokeza mtu. Niliiandika kwa kompyuta iliyokwisha kuzeeka mikononi mwa watu wa nchi nyingine kabla haijafika kwangu, katika chumba kilichonuka korosho, kwa umeme wa jenereta ya wilaya uliokuja na kuondoka kwa saa zake. Wapo wataalamu wenye maabara na viyoyozi ambao hawajaandika hata moja.

Lakini siwezi kuieleza gemu hiyo bila kumweleza dada yangu, kwa sababu chumba kilikuwa chake.

Tulizaliwa Makote, mimi nikiwa kitindamimba na yeye akiwa wa kwanza. Mama alipofariki, dada alinichukua nyumbani kwake Newala mjini. Nilipofaulu kwenda sekondari kule Chidya, alinisomesha kwa shingo yake. Sitii chumvi. Juu ya uwanda wetu mchanga hunywa mvua yote, na chemchemi ziko chini bondeni; bomba likikatika, na enzi hizo lilikatika mara kwa mara, maji ni ya kichwani. Dada aliwachotea maji walimu na watumishi wa wilaya, ndoo baada ya ndoo, na mimi nikapata daftari, sare na nauli ya kurudi shule. Mengine nilijitafutia mwenyewe. Dar es Salaam nilifagia ofisi, nikauza mitumba, nikaingia chuo cha jioni na kutoka na stashahada ya kompyuta. Imetundikwa ukutani, na anayetaka kuiona anakaribishwa. Ufundi wa kuandika programu haukuwamo kwenye masomo yetu. Huo nilijifundisha kwa kitabu kilichokwisha kung'oka jalada, nilichokikuta kwenye lundo la karatasi za kufungia maandazi.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipoachiwa huria. Mashirika yalikuwa yanauzwa, wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wanapishana na malori yao, na bandarini zilikuwa zinashuka kompyuta zilizotumika kama zilivyoshuka nguo na friji. Nilinunua moja. Wenzangu wa chuo walinishangaa niliposema naipeleka Newala. Mimi niliona jambo ambalo wao hawakuliona: Dar es Salaam ningekuwa fundi wa mia, Newala ningekuwa wa kwanza. Masasi niliipakia juu ya lori la chumvi, nikiwa nimeizungushia godoro, nikapanda nayo mlima nikiwa nimeikumbatia.

Kwetu nyumba na shamba hufuata upande wa mama, kwa hiyo baada ya mama msemaji alikuwa dada. Nyumba yake ilikuwa miongoni mwa chache zilizofikiwa na nguzo ya umeme. Uani kulikuwa na chumba alichokifanya ghala la korosho. Nilifika msimu umekwisha, chumba ki kitupu, akanipa ufunguo bila maneno mengi. Nikapaka chokaa, nikaweka meza na mabenchi mawili. Asubuhi nilifundisha kupiga chapa. Mchana, wanafunzi wakitoka shule, nilifungua gemu nilizokuja nazo kwenye disketi: moja ya mashindano ya magari, nyingine ya wanaume wenye misuli waliopigana risasi bila kueleza wamekosana nini. Vijana walijaa hadi dirishani, na mimi nilitembea mjini kifua mbele.

Matatizo yalianza kwa mtani wetu. Huyu alikuwa mwanamke wa Kimakua kutoka upande wa Masasi, aliyeolewa Newala na sasa mjane, rafiki wa dada wa kufa na kuzikana. Siku moja alirudi shambani na kukuta mtungi mkavu, jiko baridi, na binti yake hayupo. Alimkuta kwangu, kwenye kompyuta, anakata kona kwa gari jekundu. Mama yule hakumgusa. Alisimama mlangoni mpaka chumba kizima kikanyamaza, kisha akasema, "Hongera, mwanangu, una gari. Basi nenda nalo bondeni ukatuletee maji."

Watu walicheka kwa wiki nzima. Mimi pia nilicheka, mpaka akina mama wengine walipoanza kuhesabu mitungi yao. Ilikuwa kiangazi, pampu zimeharibika, na mabinti waliotakiwa kushuka bondeni saa tisa walikuwa wanashuka saa kumi na moja. Hawakuja kwangu. Walikwenda kwa dada, kwa sababu ndiye aliyestahili kuulizwa.

Dada aliniita jikoni. Hakunikaripia, hajawahi kunikaripia, na hilo ndilo linalomfanya aogopwe. Aliniuliza kile kitu changu kinafanya kazi gani. Nikamweleza kuhusu maendeleo, kuhusu dunia inakokwenda, kuhusu nchi ambazo watoto wanakutana na kompyuta kabla ya kujifunza kusoma. Alisikiliza huku anapepeta mpunga. Nilipomaliza akasema, "Korosho zikianza kuanguka nitahitaji chumba changu. Ila kama kabla ya hapo utanionyesha kinamsaidia nani, tutazungumza."

Nilijua maana yake. Hapakuwa na nyumba nyingine yenye umeme ambayo ingenipokea baada ya dada yangu mwenyewe kunitoa. Kuondoka katika chumba kile kulikuwa kurudi Dar es Salaam kutengeneza mashine za wengine, na watu wa Newala wangesema yule mwenye diploma alikuja, akacheza, akaenda. Korosho huanza kuanguka mwezi wa kumi. Nilikuwa na miezi mitatu.

Hapa nieleze kidogo gemu ni nini, maana wanaozilaumu na wanaozisifu wote hutazama picha. Picha ni nguo. Gemu yenyewe ni sheria: nani anaruhusiwa kufanya nini, nini kinahesabiwa, na nani anaitwa mshindi. Ukimwekea mtoto gemu ya magari, humfundishi udereva, unamfundisha kwamba aliye nyuma yake hamhusu. Siku hizo nilikuwa sijalitambua hilo sawasawa, ingawa nililisema mara nyingi kwa sauti kubwa. Nilichofikiri ni kwamba akina mama wanachukia kompyuta kwa sababu hawajioni ndani yake. Wakijiona, wataipenda. Basi nitawaandikia gemu yao.

Nikaiandika ya kupandisha maji. Kwa wiki saba nilichora mwanamke wa nukta, khanga nyekundu, ndoo ya buluu, picha nne za hatua zake ili akitembea nyonga zimfuate. Nilichora mteremko wetu wenyewe, kona zake na mizizi yake. Ukibonyeza kwa pupa anajikwaa na maji yanamwagika. Ukibonyeza polepole mwenzako anakupita. Wachezaji wawili, kibodi moja, mmoja kulia, mmoja kushoto. Anayefika juu kwanza na maji mengi, mashine inampigia wimbo na jina lake linaandikwa kwenye orodha ya mabingwa. Miezi hiyo watu hupuliza salfa kwenye mikorosho, na ule unga wa njano uliingia mpaka ndani ya kibodi, vitufe vikawa vinakwama. Nilikuwa nikivifuta kwa pamba na kuendelea. Sijui mtu mwingine ambaye angeendelea.

Jumamosi moja alasiri nilimwalika dada na wenzake. Walikuja sita, pamoja na mtani wetu, wakakaa kwenye mabenchi na mikono mapajani kama waliokuja msibani. Niliwasha. Mwanamke wangu alipotokea kwenye skrini anatembea, mmoja alishika mdomo. Wakaanza kuelekezana: ile ndiyo kona ya jiwe, ule ndio mzizi uliomwangusha fulani. Nikaona nimeshinda. Nilimkalisha dada kushoto na mtani kulia, nikawaonyesha vitufe.

Dada alimshusha mwanamke wake hadi kwenye chemchemi. Mwanamke akainama, akajaza ndoo, akainuka, na ndoo ikawa kichwani. Dada akaondoa vidole kwenye kibodi.

"Nani amemtwisha?" akauliza.

Nilimwambia hakuna, amejitwisha.

"Ndoo imejaa?"

"Imejaa, dada."

"Na yuko peke yake?"

Mtani wetu aliisogelea skrini akaitazama kama mtu anayekagua kitambaa dukani. "Huyu si Mmakonde," akasema. "Labda wa Ulaya. Wa Ulaya wana shingo za chuma." Benchi lote likaangua kicheko, na mwingine nyuma akataka kujua kwa nini ndoo haina majani juu ya maji ya kuyazuia yasimwagike, kwani huyo mwanamke ana haraka gani hata akasahau majani.

Nikawaomba waendelee. Wakaendelea. Mtani alikuwa na mkono mwepesi, akamfikisha mwanamke wake juu, wimbo ukapigwa, na skrini ikasimama. Dada alibonyeza na kubonyeza. Mwanamke wake alikuwa amekwama katikati ya mlima.

"Mbona wangu hatembei?"

"Gemu imekwisha, dada. Mwenzako ameshinda."

"Imekwishaje na mimi niko njiani?" Akamgeukia rafiki yake. "Rudi unipokee."

"Nirudi na kitufe kipi?" mtani akasema. "Ndugu yako hakuniwekea cha kurudi."

Hapo nilifanya kosa. Nakiri kosa moja katika jambo hili lote. Nilisema kwa sauti ya mwalimu kwamba hii ni gemu tu, haiwezi kuwa na kila kitu.

Dada alinitazama. "Kama ni gemu tu, chumba unakiombea nini?"

Wakaondoka wakinishukuru kwa adabu, jambo lililoniumiza kuliko kicheko. Dada alibaki nyuma kukunja khanga yake. Akaniambia kesho asubuhi niamke, tushuke wote.

Naomba nieleweke. Nilikuwa nimekunywa maji ya bonde lile utoto wangu wote na sikuwahi kuyapandisha kwa kichwa. Mwanamume kwetu akichota maji huchota kwa baiskeli, madumu mawili ubavuni, na hupita njia ya magari. Ile njia ya miguu niliyoichora nilikuwa nimeitazama kutoka juu. Tulishuka wanawake wanane na mimi, na kila aliyetukuta njiani alimwamkia dada kwanza, kisha akaniuliza mimi kama serikali imenituma.

Kule chini hapakuwa na foleni kama ninayoijua ya mjini. Walikaa, wakachota kwa zamu kwa kata, maana chemchemi ilikuwa inatoa maji kidogo kidogo, na aliyejaza ndoo yake aliisogeza pembeni akasubiri. Hakuna aliyeondoka. Nilipouliza kwa nini waliojaza wasianze kupanda, mtani aliniambia nijaribu mimi. Nilishika ndoo yangu, lita ishirini, nikaiinua hadi kifuani. Hapo ndipo mwisho. Kutoka kifuani kwenda kichwani pana safari ambayo stashahada yangu haikuigusa. Maji yaliniingia shingoni, wakacheka, na dada akaja akashika upande mmoja, nami wa pili, ikapanda.

Wote walipokuwa tayari niliwatazama wakitwishana. Wawili wawili, mmoja huku mmoja kule, pumzi moja, ndoo iko juu. Kila aliyetwishwa alisimama wima akasubiri. Wakapungua mpaka akabaki dada, na mikono iliyobaki yote ilikuwa imeshika ndoo kichwani. Nikajiuliza, huyu wa mwisho anatwishwa na nani. Nilitaka kuuliza, lakini tayari alikuwa amepiga goti moja. Aliiweka ndoo juu ya paja, akaizungusha, akajiinua nayo kwa mwendo mmoja mrefu, na katikati ya mwendo ule nikaona uso wake umekunjamana na mkono umeshika kiuno. Kisha ikawa kichwani na uso ukanyooka.

Tulipokuwa tunapanda nilimuuliza mtani, aliyekuwa mbele yangu, kwa nini asiwe mwingine wa mwisho. Akasema wa mwisho ni yule anayeweza. Kila kundi lina mmoja, na kundi lao wamekuwa na dada yangu tangu mimi niko Chidya. "Wewe ulidhani tunamheshimu kwa sababu ya nini?" akasema. "Kwa sababu ya diploma yako?"

Pumzi yangu niliiwekea mlima. Katikati ya mlima ni pahali pa kupumzika. Wakatuana ndoo vilevile wawili wawili, wakatwishana tena. Aliyefika juu kwanza aliiweka ndoo yake kwenye kisiki kirefu, akateremka kumpokea wa nyuma. Wa nyuma nilikuwa mimi. Ndoo yangu ilikuwa nusu.

Niliporudi chumbani niliifuta orodha ya mabingwa. Ilikuwa mistari michache tu. Yaliyobaki yalinichukua wiki tano, na hapa najisifu kwa haki, maana kuandika gemu ambayo kila mtu anashindana na mwenzake ni kazi ya mwanafunzi. Kuandika ambayo hakuna anayefika bila mwenzake ni kazi ya fundi. Ndoo iliyojaa haikupanda tena kichwani kwa kitufe kimoja. Ilihitaji wachezaji wawili wabonyeze pamoja, wasipishane hata kidogo; mmoja akiwahi, maji yanamwagikia wote. Anayefika juu anaweza kurudi, na gemu haimaliziki mpaka wa nyuma afike. Kinachohesabiwa ni maji yote yaliyofika juu, kwa jumla. Niliweka pia majani kwenye ndoo. Yule wa mwisho alinitesa kuliko wote. Nilimwekea namna ya kupiga goti, vitufe vitatu kwa mpango, vigumu makusudi, na kila akirudia nguvu zake zinapungua kidogo. Kwa hiyo wachezaji lazima wakubaliane nani awe wa mwisho, na wabadilishane, la sivyo mmoja anawaishia nguvu mlimani.

Akina mama walirudi Jumamosi mbili kabla ya msimu. Safari hii hawakuweka mikono mapajani. Mtani alimwacha mwenzake bondeni makusudi, akapanda peke yake akiimba, na wote wakamzomea mpaka akateremka. Wawili wasiopatana sokoni walijikuta hawawezi kuinua ndoo mpaka wahesabu pamoja, moja, mbili, na walipofaulu walitazamana kwa aibu. Nimezikuta gemu nyingi za gharama tangu hapo, na karibu zote humfanya mtu anyamaze. Ile yangu iliwafanya wabishane. Waligombana hasa juu ya wa mwisho. Mmoja akasema kwa sauti kile ambacho nadhani hawakuwahi kukisema bondeni, kwamba mwanamke yule wa kwenye skrini amechoka na hakuna anayemuuliza kiuno chake. Hakuna aliyemtazama dada, na dada akaendelea kutazama skrini.

Wiki iliyofuata, bila tangazo, waliweka zamu. Sikuambiwa. Niliona tu mtani anarudi kutoka bondeni huku suruali ya marehemu mumewe, aliyoivaa chini ya khanga, ina tope gotini.

Korosho zikaanza kuanguka. Nilisikia mkokoteni uani nikiwa nafundisha, nikatoka. Dada alikuwa amesimama na magunia ya kwanza, akifuta jasho. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba. Nilikuwa nimeanza kupanga maneno ya kumwomba hadi mwezi wa kumi na mbili.

Alizungumza yeye. Alisema saa tisa mpaka saa kumi na mbili chumba kifungwe, kwa sababu saa hizo ni za maji, na binti yeyote asiingie kabla mtungi wa kwao haujajaa. Alisema gemu za risasi hazipendi. Alisema na mimi nitashuka bondeni siku mbili kila wiki, kwa miguu, kwa sababu mtu aliyechora mlima hawezi kuendelea kuupandia baiskeli. Nikakubali yote. Kisha nikamuuliza magunia tutayaweka wapi.

"Kwangu," akasema.

Tulishika gunia moja moja, yeye huku mimi kule, tukayapanga katika chumba chake cha kulala mpaka yakafunika ukuta mmoja mzima, na kitanda kikasogezwa karibu na mlango. Alilala hivyo mpaka wanunuzi walipokuja. Nilipomwambia kwamba harufu itamkosesha usingizi, alisema amewahi kulala na harufu mbaya zaidi ya hiyo, akaniuliza kama kesho ni zamu yangu kuwa wa mwisho. Nilikuwa sijaweza bado lile goti. Nilikuwa nikiipandisha ndoo juu ya jiwe kwanza, na wanawake wote walisubiri ndoo zikiwa vichwani mwao, wakinitazama. Nikamwambia ndiyo, ni zamu yangu.